Nyama kwa Mafuta Yake: Jiko la Kwetu Kabla ya Mafuta ya Dumu

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba, kamati ya sherehe hukutana kupanga mambo matatu: ukumbi, muziki na chakula. Ukumbi na muziki humalizika ndani ya nusu saa. Chakula ndicho hutuchelewesha kurudi majumbani. Safari hii kijana mmoja wa kamati, tena mwenye adabu zake, aliomba ruhusa ya kusema. Akapendekeza tuache kupika wenyewe, tuagize chakula kwa wapishi wa nje, kwa sababu "chakula chetu kina mafuta mengi, na wazee wetu wanaumwa."

Hakuna aliyemkemea. Wengi tuliinamisha macho. Tunajua ni mara ngapi miaka hii tumepeana zamu za kwenda hospitali kuwatazama wenzetu wenye presha, kisukari na maradhi ya moyo. Tunajua pia ni mara ngapi tumechangishana kusafirisha jeneza.

Mimi niliinamisha macho kwa sababu yangu pia. Miezi michache kabla ya kikao kile mume wangu alirudi kutoka kwa daktari na karatasi ya ushauri wa lishe. Karatasi ilimtaka apunguze vyakula vya asili vinavyopikwa kwa mafuta mengi. Binti yetu wa pili, aliyezaliwa hapa hapa Uingereza, akaisoma yote, akaiweka mezani, akaniambia: "Mama, chakula cha kwenu ndicho kinachomuumiza baba."

Katika sentensi ile nilisikia neno moja tu: kwenu.

Siku ile sikumjibu. Jibu sikuwa nalo, na sufuria iliyokuwa jikoni ilikuwa shahidi upande wake, maana mchuzi wa nyama ulikuwa umefunikwa na mafuta juu hata nyama haionekani. Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wazee, nikikumbuka ya utotoni Tanga, na kusoma kidogo kidogo usiku. Makala hii ni jibu langu kwa binti yangu na kwa kijana wa kamati. Yale mafuta yaliyoelea juu ya sufuria yangu si urithi wa mababu. Yaliingia jikoni kwetu juzi tu, na njia yaliyopitia inajulikana.

Lugha bado inakumbuka

Tuanze na Kiswahili chenyewe, kwa sababu watoto wetu wengi wanajua neno moja tu la kupika nyama bila maji, nalo ni "kukaanga". Wazee wana maneno mengi zaidi.

Kuchoma ni kuweka nyama juu ya makaa au karibu na moto. Kubanika ni kuitunga au kuibana kwenye vijiti na kuiacha juu ya moto mdogo, iive na kukauka taratibu. Hivi ndivyo nyama na samaki walivyohifadhiwa kabla ya friji. Kuoka ni kupika kwa joto la jivu, la shimo au la tanuri. Kutokosa ni kuchemsha kwa maji na chumvi tu, bila viungo. (Wanangu, msichanganye na "kutokosa" kwa maana ya kutoacha kupata kitu, ingawa nyama ya kutokosa nayo ni vizuri kutoikosa.) Kukausha ni kuacha maji yaishe. Katika orodha hii yote hakuna tendo moja linalohitaji mafuta kutoka kwenye chupa.

Hata "kukaanga" kwenyewe hakukuhitaji mafuta. Tunakaanga karanga kwa mchanga au kwa kikaango kikavu. Tunakaanga bisi. Tunakaanga buni kabla ya kutwanga kahawa. Maana ya kukaanga ni kuivisha kwenye chombo chenye joto, na mafuta yanaweza kuwepo au yasiwepo.

Kisha kuna neno ambalo nilikuwa sijalisikia kwa miaka mingi mpaka mzee mmoja wa Pangani aliponikumbusha kwenye simu: uto wa nyama. Uto ni mafuta yanayojitoa yenyewe kwenye kitu. Uto wa nyama ni yale mafuta yanayotoka kwenye nyama ikiwa jikoni, pale maji yake yanapoisha na sufuria inapoanza kulia. Bibi zetu walilipa jina jambo hili kwa sababu walilitegemea. Nyama ilikuja sokoni na mafuta yake, na kazi ya mpishi ilikuwa kuyatoa.

Kutoka nyikani mpaka Forodhani

Ukizunguka nchi yetu utaona kwamba kila upande ulikuwa na njia yake ya kupika nyama bila mafuta ya kuongeza, na nyingi zipo mpaka leo.

Wamaasai wana desturi ya olpul. Wanaume huondoka bomani na mnyama, huenda porini mahali penye kivuli na maji, na huko huchinja, huchoma na kula kwa siku kadhaa. Nyama huchomwa kwa kuchomekwa kwenye vijiti kando ya moto. Mifupa huchemshwa supu pamoja na mizizi na magome ya miti, kama vile olkiloriti. Supu hiyo ni chungu kwa ulimi usioizoea, na huonwa kuwa dawa na nguvu. Mafuta ya mnyama hayamwagwi. Huyeyushwa na kutunzwa, na mama aliyejifungua ni miongoni mwa wanaotangulizwa kupewa.

Kwa wakwe zangu Kilimanjaro, nyama na ndizi ni ndugu. Machalari ni ndizi na nyama zilizochemshwa pamoja mpaka ndizi zinyonye mchuzi. Mtori ni ndizi na nyama zilizochemshwa na kupondwa, chakula cha mzazi aliye kitandani na cha mgonjwa. Uzito wa mtori unatokana na ndizi, na utamu wake unatokana na mifupa. Tena ipo ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ambayo siku hizi imevuka Kilimanjaro na kuingia kwenye harusi za nchi nzima. Mwenye ndafu huanza kazi alfajiri, kwa sababu moto mkubwa huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Anachohitaji ni makaa, subira na chumvi.

Kwetu pwani tuna mishkaki. Jina lina asili ya Kiarabu, na ndugu zetu walioko Oman wanakula mishkaki kwa jina karibu hilo hilo. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vidogo, hulazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, na mara nyingi papai bichi lililosagwa. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja ugumu wa nyama, ndiyo maana nyama ngumu ya ng'ombe wa machungani huwa laini baada ya saa chache, na ndiyo maana ukiilaza usiku kucha huwa uji. Kisha hutungwa kwenye vijiti au spoku za baiskeli na kuchomwa juu ya jiko la mkaa huku mchomaji akipepea. Aliyefika Forodhani, Unguja, jioni, anaijua harufu ile. Watoto wetu waliokwenda likizo wanajua pia kwamba bodaboda ikibeba abiria wawili au watatu, husemwa wamepanda "mishkaki". Nyama ikiwa na ukanda mdogo wa mafuta kati ya vipande, hujipaka yenyewe. Hakuna haja ya chupa.

Supu ya asubuhi nayo tusiisahau. Supu ya mbuzi, supu ya ng'ombe, supu ya makongoro: nyama, mifupa, maji, chumvi, tangawizi. Ikifika mezani ni ndimu na pilipili. Anayeitengeneza hutumia muda mwingi kuondoa mafuta na povu kuliko kuongeza.

Kuna sababu ya jambo hili kuwa hivi, na sababu ni vyombo. Chungu cha udongo juu ya mafiga matatu kinafaa sana kuchemsha na kutokosa, maana hushika joto na kulitoa polepole. Hakipendi joto kali la ghafla la mafuta yanayochemka. Vyombo vya chuma vyepesi vilikuja na biashara, na majina yake yanasema vilikotoka: sufuria kutoka Uarabuni, karai kutoka Uhindini. Vyakula kadhaa vya kutumbukizwa kwenye mafuta vilikuja kwa mashua hizo hizo, navyo ni sambusa, bajia, na baadaye katlesi. Ni vyakula vyetu sasa, tumevipenda na tumevifanya vyetu, lakini vilikuwa vya siku maalumu na vya mwezi wa Ramadhani. Havikuwa vya kila jioni.

Mafuta yalikuwepo, lakini yalikuwa na heshima

Sitaki binti yangu afikiri kwamba mababu walikuwa hawajui mafuta. Waliyajua vizuri, ndiyo sababu hawakuyachezea.

Wafugaji walikuwa na samli, iliyotokana na maziwa ya siku nyingi yaliyosukwa kwenye kibuyu. Kigoma walikuwa na mawese. Pwani tulikuwa na ufuta, na mpaka karne ya 20 ungeweza kuona katika miji kama Unguja na Lamu ngamia aliyefungwa macho akizunguka kinu cha kukamua ufuta. Fikiria kazi hiyo: mkulima alime ufuta, auvune, ngamia azunguke siku nzima, ndipo mafuta yapatikane. Mafuta ya namna hiyo hupimwa kwa kijiko.

Na pwani tulikuwa na nazi. Nyama ya nazi kwa njia ya bibi yangu ilikwenda hivi: nyama huchemshwa kwanza kwa chumvi, tangawizi na ndimu mpaka iive. Tui jepesi huingia, hupungua. Tui zito huingia mwisho, hukorogwa bila kuacha mpaka lichemke, kisha sufuria huepuliwa. Nazi ina mafuta, tena mengi, na daktari atakwambia hivyo hivyo. Lakini nazi moja ililisha nyumba ya watu wanane, na hakuna aliyetangulia kumimina mafuta mengine chini yake.

Tena nyama yenyewe haikuwa ya kila siku. Ilikuwa ya Idi, ya Krismasi, ya harusi, ya matanga, ya mgeni wa mbali. Ng'ombe alitembea siku nzima kutafuta majani na maji, na nyama yake ilikuwa na mafuta kidogo. Aliyeila naye alikuwa ametembea.

Waingereza walipokuja kutafuta mafuta kwetu

Hapa historia inageuka kwa namna ambayo wengi wetu hatukuisoma shuleni, na inatuhusu sisi tunaoishi nchi hii kuliko wengine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia ilikuwa Uingereza. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia viliwekwa kwenye mgawo mwaka 1940, na mgawo huo haukuondolewa mpaka Mei 1954, miaka 9 baada ya vita kwisha. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza mwenye umri mkubwa, aliwahi kunieleza utoto wake. Mama yake alikuwa akioka kipande cha nyama siku ya Jumapili, kisha anakinga mafuta yote yaliyodondoka, anayaweka kwenye bakuli mpaka yagande. Wiki nzima watoto walipakiwa mafuta hayo kwenye mkate na chumvi kidogo. Nilicheka, nikamwambia sisi tuna jina lake: uto wa nyama. Bibi wa Kiingereza na bibi wa Tanga walikuwa wakifanya jambo moja.

Serikali ya Uingereza iliamua kutafuta mafuta hayo Afrika. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukaja kutazama ardhi kwa wiki chache tu. Taarifa yao ilipendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mpango huo, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Wagogo wa Kongwa wangeweza kuwaambia mengi kama wangeulizwa. Nchi yao ni ya mvua chache zisizoaminika. Ni nchi ya ng'ombe, mtama na uwele. Udongo wake wa mfinyanzi, jua likiuwaka, huwa mgumu kama sakafu ya saruji, na karanga ni zao linalochimbwa chini ya ardhi. Matrekta yaliyonunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita yaliharibika upesi. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iligoma kung'oka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Walipojaribu alizeti, ukame ukaikausha. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara.

Kusini walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960; bandari ipo na inafanya kazi. Kongwa kwenyewe, sehemu ya ardhi ile ilifanywa ranchi ya ng'ombe, na Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo. Mahali ambapo dola kubwa ilishindwa kupata mafuta ya karanga, ng'ombe wananenepa kwa majani, kama walivyokuwa wakifanya kabla hajafika mtu na trekta. Na baada ya Uhuru, Kongwa hiyo hiyo ilipokea kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Ndiyo maana nasema katika gazeti hili la Uhuru: Kongwa ni jina ambalo watoto wetu wanapaswa kulijua.

Miaka hiyo hiyo nyama yetu nayo ilisafiri kuja huku. Kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, Dar es Salaam, kilichemsha nyama ya ng'ombe, kikaipakia kwenye makopo na kuiuza nje, Uingereza ikiwemo. Mtanganyika alitokosa nyama, Mwingereza akaila na mkate.

Foleni, kisha madumu

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wenzangu wa umri huo wanakumbuka: sukari haipo, sabuni haipo, mafuta hayapo. Kulikuwa na maduka ya RTC na foleni ambazo ulianza kwa kuweka jiwe kushika nafasi yako. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, tulisikia kwenye redio habari za bidhaa zilizofichwa na mafuta yaliyofukiwa ardhini.

Nyumbani kwetu Tanga mafuta yalikaa kwenye chupa ya soda, juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafikii. Mama aliyatumia kwa taa ya dharura ya jikoni, yaani kwa chakula ambacho hakipikiki bila mafuta. Nyama haikuwemo katika orodha hiyo. Nyama ilipopatikana, aliiosha, akaikata, akaitia kwenye sufuria na chumvi, tangawizi na ndimu, akaifunika bila kutia hata tone la maji. Nyama ilitoa maji yake. Maji yalipoisha, uto ulianza kutoka na sufuria ikaanza kulia. Hapo ndipo alipotia vitunguu, vikakaangika kwa uto ule ule, kisha nyanya. Tulilamba sahani. Hatukujua kwamba kuna kitu kimekosekana, kwa sababu kwa kweli hakikukosekana kitu.

Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985, watu wakamwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi madukani. Polepole yakaja mafuta ya mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, kwenye madumu ya lita 20, yakipimwa mpaka kwa mfuko mdogo wa nailoni kwa mwenye shilingi chache. Vibanda vya chipsi vikaota kila kituo cha basi. Chipsi mayai, ambayo watoto wetu wakienda likizo Dar huidhani chakula cha mababu, ni ya umri wangu mimi.

Na hapa nataka tuwe wakweli bila kulaumiana. Mtu aliyekaa foleni ya mafuta miaka mitano, akija kuyapata, atayamimina. Mafuta yakawa alama ya nafuu. Mchuzi usioelea mafuta ukaonekana mchuzi wa maskini. Mgeni akija, mwenye nyumba alitaka mafuta yaonekane kwenye sahani, aibu isimpate. Mama yangu mwenyewe aliyekuwa bingwa wa uto alianza kumimina. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Tulivyokuja navyo huku

Sisi tuliohamia Uingereza miaka ya 1990 na baadaye tulikuja na jiko la wakati ule. Hatukuja na jiko la bibi. Tukaikuta nchi ambayo mafuta yaliuzwa kwa bei nafuu, na nyama ilikuwepo kila siku. Tukafanya kila Jumamosi kuwa sikukuu. Tukatoka kwenye kutembea maili kadhaa kwa siku tukaingia kwenye zamu za usiku, tumeketi au tumesimama mahali pamoja. Kisha tukawaambia watoto: hiki ndicho chakula cha nyumbani.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni, kina takriban kalori 120. Nilipopima yale ninayomimina kwenye sufuria moja ya mchuzi, nilihesabu vijiko 12 kabla nyama haijaingia. Nyama yenyewe ilikuwa ya mwanakondoo, yenye mafuta ya kutosha kujipika.

Kwa hiyo binti yangu alikuwa amekosea kidogo na amepatia sana. Chakula kile kilikuwa kikimuumiza baba yake. Alichokosea ni kukiita cha kwetu tangu zamani. Ni cha kwetu tangu 1985.

Namna ninavyopika sasa

Nimerudi kwenye njia ya mama ya miaka ya foleni. Nyama huingia kwenye sufuria nzito ikiwa na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi kidogo, hufunikwa, moto mdogo. Usikimbilie kutia maji, yatakuja. Yakiisha, uto hutoka. Nyama ikiwa na mafuta mengi, punguza uto kwa kijiko kabla ya kutia vitunguu. Nyama ikiwa kavu kabisa na vitunguu vinataka kushika, nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja, vitaiva na kuwa vya kahawia vile vile. Nyanya, hoho na bizari hufuata. Kwa supu, ipike leo, iweke kwenye friji, na kesho ondoa mafuta yaliyoganda juu kama barafu. Mishkaki huchomeka vizuri chini ya moto wa juu wa jiko la umeme au la gesi. Weka trei chini na geuza mara kwa mara. Sehemu iliyoungua nyeusi ikate uitupe, haina faida kwa afya.

Nisidanganye: nyama bado ni nyama. Mafuta ya mnyama nayo ni mafuta, na chumvi ina hesabu yake kwa mwenye presha. Mwenye maelekezo ya daktari ayafuate. Ninachosema ni kwamba daktari anapomwambia mume wangu apunguze mafuta, hamwambii aache kuwa mtu wa kwao. Anamrudisha kwenye mtori wa mama yake.

Binti yangu alikuwa wa kwanza kuonja sufuria ya kwanza. Alisema inahitaji pilipili. Wiki iliyofuata aliniomba nimwonyeshe tangu mwanzo, akasimama jikoni na kuuliza kila dakika tano kama tutie maji. Nilimwambia asikilize sufuria. Sasa anajua inavyolia.

Siku ya sherehe

Kamati imekubali tujaribu mwaka huu. Tutapika wenyewe. Kutakuwa na mbuzi wa kuchoma, mishkaki, mtori kwa wazee na watoto, supu, na nyama ya uto ya sufuria kubwa. Pilau itakuwepo, kwa sababu bila pilau hakuna atakayetuamini, lakini kitunguu chake kitapimwa mafuta kwa kijiko. Sambusa zitakuwepo pia, moja moja kwa kila mtu, kama zamani. Kijana aliyetoa hoja ndiye mkuu wa moto. Kwetu anayesema jambo hupewa jambo lenyewe alifanye.

Desemba ya Uingereza tunaijua, kwa hiyo turubai limeshapatikana na mkaa upo mkavu. Tunaomba kila mzee aje na jambo moja la kumwonyesha mtoto: namna ya kukata nyama kufuata uzi wake, namna ya kujua makaa yamekuwa tayari, jina la chakula cha kwao na jinsi kilivyopikwa kabla ya dumu. Wa Mara, wa Mbeya, wa Songea, wa Pemba, makala hii imewataja wachache tu. Mengine mnayo ninyi.

Moto utawashwa saa nne asubuhi nyuma ya ukumbi. Mbuzi haharakishwi, kwa hiyo njooni mapema, vaeni makoti, na waleteni watoto jikoni kabla ya kuwaleta mezani.

Heri ya Siku ya Uhuru.